Ngazi ya solfa kwenye simu: mwongozo kamili wa kutengeneza zana ya kufundishia na kusambaza sauti za kwaya

Wengi wanaojaribu kutengeneza zana ya mtandaoni ya kufundishia muziki hukwama palepale. Ukurasa unapendeza, rangi zimepangwa, lakini ukibonyeza "Cheza" ni kimya. Au mstari wa kuongoza unakimbia mbele ya sauti. Au kiungo kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, kinafungua ukurasa mtupu. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa makosa hayo, moja baada ya jingine.

Tunachotengeneza ni ukurasa mmoja unaoonyesha wimbo kama ngazi ya solfa (do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi d, r, m), unaocheza sauti nne, unaomruhusu mwanakwaya kupunguza sauti za wenzake na mwendo, kisha wimbo wenyewe unasafiri ndani ya kiungo. Hakuna kujisajili wala nywila. Mlengwa ni mwanakwaya wa Igoma au Buhongwa jijini Mwanza mwenye simu ya bei nafuu, anayetaka kushika sauti yake kabla ya mazoezi ya Jumamosi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya kawaida na kihariri chochote cha maandishi. Uwe unaijua HTML na JavaScript ya msingi.
- Simu mbili za Android, moja iwe dhaifu kabisa, ya RAM GB 2. Hiyo ndiyo simu yako ya kweli. Nyingine ni ya kulinganishia.
- Spika ya waya, na spika ya Bluetooth ya kuazima kwa siku moja.
- Kinanda au tyuna (kifaa cha kupima urefu wa sauti) ya kuhakiki sauti.
- Wimbo mmoja wa solfa, vipimo 8 hadi 16 (kipimo ni kikundi cha mapigo kati ya mistari miwili ya |), sauti nne. Uwe wako, au mtunzi awe amekuruhusu.
- Mahali pa kuweka ukurasa penye anwani ya https. GitHub Pages ni bure kwa miradi ya wazi.
- Watu watatu wa kujaribu, na mmoja lazima awe besi. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 6.

Jiwekee kikomo: ukurasa mzima usizidi KB 100. Mtu aliyejiunga bando la siku hatakusamehe ukimla MB 5 kwa wimbo wa dakika mbili.

## Hatua ya 1: Chagua ugumu mmoja

Andika sentensi moja: "Mtu akimaliza kutumia zana hii ataweza…" Kwa kwaya nyingi jibu ni kushika sauti yake wakati wengine wanaimba zao. Si kusoma nota za mistari mitano, si kutunga, si kurekodi albamu.

Ukiweka vyote kwa pamoja utapata menyu ya vitufe kumi na miwili ambayo mwalimu wa kwaya ataifungua mara moja na kurudi kwenye ubao na chaki. Kwa haki kabisa.

## Hatua ya 2: Chora ngazi, na uichore kwa vipimo vya kweli

Hapa ndipo zana nyingi huharibika bila mwenyewe kujua.

Mchoro wa kawaida una mistari minane yenye nafasi sawa: d, r, m, f, s, l, t, d'. Unavutia, lakini unadanganya. Kutoka m kwenda f ni nusu-hatua, na kutoka t kwenda d' ni nusu-hatua. Kwingine kote ni hatua nzima. Mwanafunzi akiona f iko mbali na m kama r ilivyo mbali na d, ataipandisha f kupita kiasi, na utabaki unalaumu sikio lake ilhali jicho ndilo lililopotoshwa.

Tumia kanuni moja: nusu-hatua ni pikseli 20. Kwa hiyo d hadi r ni 40, r hadi m ni 40, m hadi f ni 20, f hadi s ni 40, s hadi l ni 40, l hadi t ni 40, t hadi d' ni 20. Oktava nzima ni pikseli 240. Ukianzia s ya chini hadi d' unapata 340, na kwenye skrini yenye urefu wa 640 zinabaki 300 za maneno na vitufe.

Sauti za katikati kama fe na ta zitapata mahali pake zenyewe, bila mstari wa kudumu. Zionyeshe kwa mstari wa nukta pale tu zinapotokea.

Upana ni hesabu nyingine. Simu nyingi za bei nafuu zina pikseli 360 kwa upana. Pigo moja tunaligawa visanduku vinne, hivyo kipimo cha mapigo manne kina visanduku 16. Gawanya 360 kwa 16 upate takriban 22. Hiyo inatosha kutazama, ila kidole hakiwezi kulenga pikseli 22. Kidole kinahitaji kama 48. Ndiyo maana tengeneza sura mbili:

Sura ya kuimba: kipimo kizima kwenye skrini, hakuna cha kugusa isipokuwa Cheza, Simama, na vitufe vya sauti nne.

Sura ya kuandika: pigo moja moja, visanduku vikubwa, kwa mwalimu peke yake.

Sauti ya mwanafunzi iwe na mstari mnene wa rangi kamili. Nyingine zififie hadi asilimia 30. Usitegemee rangi pekee. Weka herufi S, A, T, B (soprano, alto, teno, besi) mwanzoni mwa kila mstari, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwa sababu jua la saa nane mchana kule Kirumba linafuta rangi zote za skrini. Mandharinyuma yawe meupe, maandishi meusi.

Umefaulu kama: mtu asiyejua solfa akitazama ngazi anaweza kukuonyesha kwa kidole palipobanana.

## Hatua ya 3: Geuza solfa iwe data

Chukua vipimo viwili hivi, Doh ni G (yaani d inaimbwa kwenye sauti ya G):

`| m : m . r : d : s, | d : r . m : r : – |`

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inakata pigo nusu, kistari kinaendeleza sauti. Tatizo ni mkato. Kwenye solfa ya kuandikwa kwa kalamu, alama ndogo ya chini huonyesha oktava ya chini, na mkato pia hutumika kukata robo ya pigo. Jicho la mwalimu linatofautisha; kompyuta haitofautishi. Usijaribu kuifundisha. Tumia namba kwa oktava: s1 ni ya chini, s ni ya kati, s3 ni ya juu. Kisha taja idadi ya visanduku:

`m:4 m:2 r:2 d:4 s1:4 d:4 r:2 m:2 r:8`

Jumlisha: 16 kwa kipimo cha kwanza, 16 kwa cha pili. Programu ifanye hesabu hii kwa kila sauti, na kipimo kisichotimia kipakwe rangi nyekundu papo hapo. Karibu kila mara kosa litakuwa kistari kilichosahaulika wakati wa kunakili.

Kuhusu maneno, usiiachie programu ikate silabi yenyewe kwa kufuata irabu. "Mtume" ni silabi tatu, M-tu-me, na m ina nota yake. "Mwanza" ni mbili tu, Mwa-nza. "Nchi" ni mbili. Mwalimu aandike vistari mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na inakuokoa na wimbo mzima uliosogea nota moja kushoto.

## Hatua ya 4: Kutoka solfa hadi mtetemo

Kila nota ina umbali wake kutoka d kwa nusu-hatua: d 0, de 1, r 2, ma 3, m 4, f 5, fe 6, s 7, se 8, l 9, ta 10, t 11. Oktava ya juu ongeza 12, ya chini toa 12. Jumlisha na namba ya ufunguo (C ya kati ni 60, G ya juu yake ni 67) upate n, kisha tafuta Hz, yaani mitetemo kwa sekunde:

Hz = 440 × 2^((n − 69) ÷ 12)

Hakiki kwa Doh ni G: d itoe 392.0, m itoe 493.9, s itoe 587.3, na s1 itoe 293.7. Ikitofautiana, umekosea jedwali, si kanuni.

Onyo kubwa: kwenye solfa, teno na besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika. Usipotoa 12 kwa sauti hizo mbili, besi wako ataimba sambamba na soprano na harmonia itasikika kama kundi la watoto. Baada ya kutoa, d ya besi katika Doh G ni 196.0.

Mwalimu akibadilisha ufunguo kutoka G kwenda F, badilisha namba moja tu. Ngazi isisogee. Huo ndio uzuri wa solfa. Usiuharibu kwa kuandika majina ya G, A, B pembeni.

## Hatua ya 5: Saa moja tu, na iwe ya sauti

Kosa linaloua zana nyingi: sauti inapigwa na setTimeout, huku mchoro ukisogezwa na kitu kingine. Kipima muda cha ukurasa huchelewa kidogo kila mara simu inapokuwa na shughuli, na ucheleweshaji huo hujikusanya. Kufikia kipimo cha nane mdundo umeyumba.

AudioContext, injini ya sauti ya kivinjari, ina saa yake, currentTime, ambayo haiyumbi. Kila kitu kiifuate hiyo. Kipima muda cha kawaida kina kazi moja tu: kuamka kila milisekunde 25 na kupanga nota zitakazopigwa ndani ya milisekunde 100 zijazo.

```
const sauti = new AudioContext();
const urefu = 60 / 72 / 4;   // mapigo 72 kwa dakika
let wakati, kisanduku, kengele;

function cheza() {
  clearInterval(kengele);
  sauti.resume();
  kisanduku = 0;
  wakati = sauti.currentTime + 0.1;
  kengele = setInterval(panga, 25);
}

function panga() {
  while (wakati < sauti.currentTime + 0.1) {
    piga(kisanduku, wakati);
    wakati += urefu;
    kisanduku++;
  }
}
```

Kwa mwendo wa 72, kisanduku kimoja ni sekunde 0.208. Kupunguza mwendo ni kubadilisha 72 iwe 50. Sauti haishuki, kwa kuwa hakuna rekodi inayovutwa. Kazi ya `piga` utaiandika mwenyewe: inatafuta nota inayoanzia kwenye kisanduku hicho na kuipanga kwa wakati uliotajwa. Nayo ndiyo inayosimamisha kengele kisanduku cha mwisho kikipita.

Mistari miwili hapo ina sababu ya pekee. `sauti.resume()` iko ndani ya kitufe kwa sababu vivinjari vinazuia sauti hadi mtu aguse skrini. Ukiita nje ya kitufe utapata ule ukimya wanaoulalamikia wengi. Na `clearInterval` iko mwanzoni kwa sababu mtu mwenye haraka hubonyeza mara mbili, na bila mstari huo utasikia kwaya mbili zikifukuzana.

Mstari wa kuongoza uchorwe kwa requestAnimationFrame, ukisoma currentTime, kutoa wakati wimbo ulipoanza, na kugawa kwa urefu. Mchoro usipige sauti kamwe, usome tu.

Spika ya Bluetooth itakuharibia ulinganifu huu, kwani huchelewesha sauti kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100. Weka kitelezi cha milisekunde 0 hadi 400 kinachochelewesha mchoro. Kwenye mazoezi tumia waya na usahau habari hiyo.

Umefaulu kama: unapiga makofi na mstari kwa dakika mbili nzima bila kupishana, simu ikiwa inapokea ujumbe.

## Hatua ya 6: Mlio utakaosikika kwenye spika ndogo

Chaguo la kwanza la kila mtu ni wimbi la sine, kwa sababu ni laini. Besi hatasikia chochote. Spika ya simu ni dhaifu sana kwenye mitetemo ya chini, na s1 ya besi katika Doh G ni Hz 146.8 tu. Sine haina kingine zaidi ya mtetemo huo.

Tumia wimbi la triangle kwa soprano na alto, na sawtooth iliyopunguzwa sauti kwa teno na besi. Mawimbi haya yana mitetemo ya juu inayoandamana na ule wa msingi, na sikio huijenga besi kutokana nayo hata kama spika haiwezi kuitoa. Kama bado haisikiki, weka kitufe cha "Besi juu oktava moja" na umwambie mwimbaji hivyo wazi.

Nota ikikatwa ghafla hutoa "tik". Ishushe kwa milisekunde 20 kabla ya kuizima. Na sauti nne zikipigwa pamoja, ukubwa (gain) wa kila moja usizidi 0.2, zikizidi 1.0 kwa jumla zinakwaruza.

## Hatua ya 7: Safu ya ngoma, kama unaihitaji

Kwaya nyingi za Usukumani huingiza ngoma, na kikundi cha bugobogobo (ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe) kitataka na mlio wa jembe. Kabla ya kuchora, sikiliza pigo linagawanyika mara ngapi. Piga kofi kwenye pigo kuu na utamke "ta-ta-ta" katikati. Ikikaa vizuri, visanduku ni vitatu kwa pigo, yaani 12 kwa kipimo cha mapigo manne. Ukilazimisha vinne, ngoma itasikika kama askari wa gwaride.

Rekodi pigo moja safi la kila ngoma, kwa ruhusa ya mpigaji. Usihifadhi kama MP3: ubanaji wake huweka ukimya mfupi mwanzoni, na ngoma itachelewa. WAV ya mono, 22,050 Hz, biti 16, yenye sekunde 0.4, ni takriban KB 18. Ngoma mbili na jembe ni KB 54, bado uko ndani ya kikomo.

## Hatua ya 8: Wimbo ndani ya kiungo

Kila nota inahitaji herufi mbili tu. Ya kwanza ni sauti: nusu-hatua 36 za oktava tatu pamoja na ukimya ni 37. Ya pili ni urefu, visanduku 1 hadi 64. Vyote vinaingia kwenye alfabeti ya alama 64: A–Z, a–z, 0–9, kistari na mstari wa chini. Wimbo wa vipimo 16, nota moja kwa pigo, sauti nne, ni nota 256, yaani alama 512.

Weka data hiyo baada ya alama ya # kwenye anwani. Kilicho baada ya # hakipelekwi kwenye seva, hivyo huhitaji hifadhidata, na wimbo wa watu haukai kwako.

Makosa ya hapa yanajulikana:

- Kiungo kinakatika mwishoni. Programu za ujumbe huacha alama za mwisho kama kistari. Maliza kila kiungo kwa herufi z, na programu iitupe inaposoma.
- Maneno yenye ng'. "Ng'ombe", "ng'wana": kibodi ya simu huweka apostrofi iliyopinda, ambayo kwenye anwani inakuwa alama tisa, %E2%80%99. Igeuze iwe ya kawaida kabla ya kufunga. Ile ya kawaida nayo encodeURIComponent huiacha ilivyo, kwa hiyo ibadilishe mwenyewe iwe %27.
- Nafasi. Nafasi moja tu katikati na nusu ya wimbo imebaki nje ya kiungo.

Ukitaka msimbo wa QR wa kubandika ukutani, fanya wa sauti moja moja. Alama 128 na anwani zinasomeka kwenye karatasi ya A4. Wimbo mzima unatoa nukta ndogo ambazo kamera dhaifu haizioni.

## Hatua ya 9: Ifanye kazi bila mtandao

Service worker huhifadhi ukurasa kwenye simu baada ya kufunguliwa mara ya kwanza. Inafanya kazi kwenye https tu, ndiyo maana faili lililotumwa kwa Bluetooth halitoshi. Ipe hifadhi jina lenye namba ya toleo na uibadilishe kila unaporekebisha, la sivyo watu wataendelea kuona kosa ulilolifuta wiki iliyopita.

Jaribu hivi: fungua ukurasa, washa hali ya ndege, funga kivinjari, fungua tena kwa kubonyeza kiungo. Abiria wa meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, aweze kuendelea na kipimo cha tano hata minara ikipotea.

## Hatua ya 10: Maikrofoni, ukiwa na ari

Kumwonyesha mwimbaji yuko juu au chini ya mstari ni jambo zuri, ila fanya mwisho. Zima echoCancellation, noiseSuppression na autoGainControl. Zimeundwa kwa maongezi na hukata sauti inayoimbwa kwa muda mrefu kana kwamba ni kelele.

Usitumie FFT (hesabu inayotenganisha sauti katika mitetemo yake) ya sampuli 2048. Kwa 44,100 Hz inapima kwa hatua za Hz 21.5, wakati G ya chini ya besi (98.0) na nusu-hatua inayofuata (103.8) zimepishana chini ya Hz 6. Tumia autokorelesheni (kulinganisha wimbi na nakala yake iliyosogezwa), na upuuze kilicho nje ya Hz 80 hadi 1,000. Ikiruka oktava, hesabu kama sahihi: mwanamume anayefuata sauti ya kwanza ataimba oktava chini, na hajakosea.

Mwambie avae spika za masikioni. Bila hivyo maikrofoni inasikia simu yenyewe na kumpa alama zote.

## Hatua ya 11: Jaribio la watu watatu

Tuma kiungo kwenye kundi, usitoe maelezo, kaa kimya. Tazama mambo manne: anagusa wapi kwanza, anasikia sauti ndani ya sekunde tatu, anaipata sauti yake bila kuuliza, na besi anasikia besi. Mmoja wao awe anatumia Opera Mini. Kwenye hali yake ya kubana data kabisa sauti haitatoka, hivyo ukurasa uandike "Fungua kwa Chrome" badala ya kukaa kimya.

Kisha zima sauti yake katikati ya wimbo kwa vipimo viwili na uirudishe. Akikutana nayo palepale kwenye nota, peleka kiungo kwa kwaya nzima. Asipokutana nayo, rudi Hatua ya 2 na upime tena pikseli kati ya m na f.